Aliyehama Klabu na Kubaki Mwaminifu: Kumwelewa Evina Maltsi wa Ugiriki

Juni 2009, Riga, mji mkuu wa Latvia. Fainali ya ubingwa wa Ulaya wa mpira wa kikapu kwa wanawake, EuroBasket, imekwisha: Ufaransa 57, Urusi 53. Wafaransa wanakumbatiana katikati ya uwanja. Lakini tuzo ya mchezaji bora wa mashindano yote haikwenda kwa Mfaransa wala kwa Mrusi. Haikwenda hata kwa mchezaji wa Hispania iliyoshika nafasi ya tatu, au wa Belarus iliyoshika ya nne. Ilikwenda kwa Evanthia Maltsi, maarufu kwa jina la Evina, ambaye timu yake ya Ugiriki ilimaliza ya tano.

Kwa kawaida tuzo hiyo hufuata kombe kama kivuli. Kuipata ukiwa wa tano maana yake waliokuwa wanakuangalia waliona kitu kisichoweza kufichwa na msimamo wa mashindano.

Maltsi alizaliwa tarehe 30 Desemba 1978. Alichezea klabu nyingi, za nyumbani na za nchi nyingine za Ulaya. Sasa, kwa kipimo tulichozoea mashabiki, mchezaji mwaminifu ni yule aliyevaa jezi moja tangu utotoni mpaka magoti yalipokataa. Kwa kipimo hicho Maltsi anafeli asubuhi na mapema. Mimi naamini kipimo chenyewe ndicho kibovu, hasa kikitumiwa kwa wanawake wa Ugiriki, na ili kuona ubovu wake inabidi kwanza tuelewe klabu ya Kigiriki ni kitu gani, inamshikaje mchezaji, na timu ya taifa inaingia wapi katika hayo yote.

Tuanze na klabu. Kwa Kigiriki klabu ya michezo huitwa somateio. Ni chama cha wanachama, chenye katiba, viongozi wa kuchaguliwa na mtaa wake. Klabu nyingi kubwa zilizaliwa na msiba. Mwaka 1922 vita ya Ugiriki na Uturuki iliisha kwa Wagiriki wa Asia Ndogo, yaani Uturuki ya leo, kupoteza makazi yao, na mkataba wa Lausanne wa 1923 ukahalalisha kubadilishana watu kati ya nchi hizo mbili. Zaidi ya watu milioni moja wa madhehebu ya Kiorthodoksi waliishia Ugiriki wakiwa na mabunda mikononi. Walipopewa viwanja vya kujenga vibanda, walijenga kanisa, shule, na haikuchukua muda wakaanzisha timu. AEK ya Athens, iliyoanzishwa 1924, ina jina la Konstantinopoli, Istanbul ya leo, ndani ya herufi zake. PAOK ya Thessaloniki, ya 1926, vilevile. Panionios ilianzia Smirna, Izmir ya leo, 1890, ikahama na watu wake, na leo makao yake ni Nea Smyrni, yaani Smirna Mpya. Vyronas, mtaa wa Athens ambao ni nyumbani kwa klabu ya Athinaikos, ulikua kama mtaa wa wakimbizi na ukapewa jina la mshairi Mwingereza Byron.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu bila hayo huwezi kuelewa neno uaminifu linavyosikika masikioni mwa Mgiriki. Mtoto wa Nea Smyrni hakuichagua Panionios kama unavyochagua chaneli ya televisheni. Aliikuta nyumbani, kama alivyomkuta bibi yake. Sisi tunaosema mkataa kwao mtumwa tunaielewa hisia hiyo bila kufundishwa.

Lakini hisia ni nusu tu ya kamba. Nusu nyingine ni karatasi.

Msichana anapoanza kucheza kwenye chama cha mtaa wake, husajiliwa kwa kadi inayoitwa deltio. Ina jina lake, picha yake na jina la klabu. Mzazi anatia saini, maana mtoto hajafikia umri wa kusaini, na pembeni kuna kadi ya afya inayotakiwa kugongwa muhuri na daktari kabla ya kuruhusiwa kucheza. Jioni hiyo mama na binti wanarudi nyumbani wakiwa na furaha, na wana haki ya kufurahi. Ila kadi ile ni zaidi ya kitambulisho. Inamfunga mchezaji kwenye klabu. Akitaka kuhamia klabu nyingine ya Ugiriki, lazima klabu yake ikubali kumwachia, au awe ameingia katika makundi ambayo kanuni zinayaachia huru. Kanuni hizo zimekuwa zikibadilishwa mara kwa mara, lakini msingi wake umedumu: aliyekusajili mtoto ana sauti juu ya maisha yako ya mchezo utakapokuwa mtu mzima.

Wanaofuatilia soka letu wanaijua habari ya barua ya kuachiwa na vurugu zake. Basi na hili ni hilohilo, likiwa limevaa nguo za Kigiriki.

Hapo inakuja sehemu inayoniumiza zaidi. Ligi kuu ya wanaume ya Ugiriki imekuwa ikiendeshwa kama ligi ya kulipwa tangu 1992, chini ya umoja wa klabu zenyewe, na timu zake ni kampuni zenye hisa. Ligi kuu ya wanawake imebaki mikononi mwa shirikisho la mpira wa kikapu, EOK, na kisheria ni ya ridhaa. Sheria kubwa ya michezo ya nchi hiyo, namba 2725 ya 1999, imejengwa juu ya mgawanyo huohuo: huku ridhaa, kule kulipwa. Mwanamke anaweza kufanya mazoezi kila siku, akasafiri kila wiki, akaumia goti kazini, na bado kwenye maandishi akawa mtu anayejifurahisha jioni baada ya kazi.

Tofauti hiyo ina uzito. Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa hukumu ya Bosman, na tangu hapo mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha anaweza kuhama ndani ya Umoja wa Ulaya bila klabu ya zamani kudai pesa ya uhamisho. Hukumu hiyo inamlinda mtu anayehesabiwa kuwa anafanya kazi. Ukimwita wa ridhaa, tayari umemweka mbali na mlango huo. Kwa bahati nzuri, Aprili 2000 mahakama hiyohiyo, katika kesi ya mwanajudo wa Ubelgiji Christelle Deliège, ilisema kwamba shirikisho kumwita mchezaji wa ridhaa hakutoshi kuthibitisha kuwa hafanyi shughuli ya kiuchumi. Ni sentensi ndogo katika hukumu ndefu, na kwa maoni yangu ndiyo sentensi muhimu kuliko zote kwa mwanamke anayecheza mpira wa kikapu Ulaya. Lakini kati ya hukumu ya Luxembourg, yaliko makao ya mahakama hiyo, na ofisi ya katibu wa klabu kuna safari, na si kila binti ana nauli ya wakili.

Ongeza jambo moja zaidi na fundo litaonekana lilivyo. Mchezaji akitaka kwenda kucheza nchi nyingine, FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu la dunia, inataka barua ya ruhusa kutoka shirikisho la nchi anayotoka. Na kwa kanuni za FIBA, sababu pekee ya kuinyima barua hiyo ni kwamba mchezaji bado yuko ndani ya mkataba na klabu yake. Kwa hiyo aliyefungwa na kadi tu, bila mkataba wa kazi, anaweza kukuta ni rahisi kuvuka bahari kwenda ligi ya kigeni kuliko kupanda basi kutoka Patissia kwenda Vyronas, mitaa miwili ya mji mmoja.

Sasa turudi kwenye lile neno. Unapoona mchezaji wa Kigiriki amekaa klabu moja miaka 15, umeona nini? Huenda umeona mapenzi ya kweli, ya mtu ambaye babu yake alishuka melini na kukuta timu ile ndiyo ndugu pekee aliobaki nao. Huenda umeona kadi ambayo haikuachiwa. Huenda umeona mwalimu au muuguzi mwenye kazi ya asubuhi mjini, ambaye klabu ya mtaani ndiyo pekee iliyo karibu na nyumba na shule ya watoto. Mara nyingi umeona yote matatu katika mtu mmoja, naye mwenyewe hawezi kukuambia lipi lilianza. Sitaki kumvunjia heshima hata mmoja wa wanawake hao. Nakataa tu tuwasifu kwa kufungwa, halafu tumlaumu mwenzao kwa kuwa huru.

Klabu nazo hazina uhakika wa kumlipa mtu uaminifu wake. Sporting ya Patissia ndiyo yenye mataji mengi kuliko zote katika ligi ya wanawake ya Ugiriki, na kwa miaka mingi kusema mpira wa kikapu wa wanawake ilikuwa sawa na kusema Sporting. Halafu ikaja Athinaikos ya Vyronas, ambayo mwaka 2010 ilifanya kile ambacho klabu ya wanawake ya Ugiriki haikuwahi kufanya: ilitwaa EuroCup, kombe la pili kwa ukubwa Ulaya, ikiishinda Nadezhda Orenburg ya Urusi kwenye fainali. Majira hayohayo ya 2010, mwezi Mei, serikali ya Ugiriki ilikuwa inasaini mkopo wa kwanza wa kujinusuru na kufilisika. Mishahara ikakatwa, wafadhili wakatoweka, na michezo ya wanawake, ambayo hata siku za neema hula makombo, ikabaki na sahani tupu. Katika nusu ya pili ya mwongo ule Olympiacos ya Piraeus ikaingia kwa nguvu na kuwa mtawala mpya. Mchezaji aliyeishi kipindi hicho chote aliona ramani ya klabu ikichorwa upya zaidi ya mara moja chini ya miguu yake. Angebaki mwaminifu kwa nani hasa? Kwa klabu ambayo msimu ujao haijulikani kama itakuwa na pesa ya basi?

Timu ya taifa ni habari nyingine kabisa. Huko hakuna kadi inayokufunga. Kanuni za FIBA zinakuzuia kuchezea nchi nyingine kirahisi ukishaichezea yako mashindano rasmi ukiwa umepita miaka 17, ni kweli, lakini hakuna kanuni inayoweza kukufanya uendelee kuitika wito kwa moyo miaka na miaka. Mashindano makubwa huchezwa kiangazi, msimu wa klabu ukiwa umeisha na mwili unaomba kulala. Pesa kubwa haipo. Anayeitwa anaweza kusema goti linauma, na mara nyingi goti kweli linauma. Kuitika ni hiari, kila mwaka upya.

Na Maltsi aliitika.

Alipokuwa na miaka 8, Juni 1987, Ugiriki ya wanaume iliishinda Umoja wa Kisovyeti 103 kwa 101 katika muda wa nyongeza, kwenye Ukumbi wa Amani na Urafiki huko Neo Faliro, kando ya bahari ya Piraeus. Nikos Galis na Panagiotis Giannakis walikuwa nyota wa timu, lakini pointi mbili za mwisho zilifungwa na Argyris Kambouris kwa mitupo huru, sekunde chache tu zikiwa zimebaki. Wazee wa Ugiriki wanaukumbuka usiku ule kama sisi tunavyokumbuka siku kubwa za taifa. Baada yake, kila ua la shule lilitaka kuwa na goli la kikapu, na wasichana wa kizazi cha Maltsi walikulia ndani ya homa hiyo, hata kama bingwa waliyemwona kwenye televisheni hakuwa mwanamke.

Agosti 2004 Olimpiki ilikuja Athens. Mechi za makundi za kikapu zilichezwa Helliniko, kwenye eneo la uwanja wa ndege wa zamani uliofungwa 2001. Pale ambapo familia zilikuwa zikiagana na ndugu wanaohamia Ujerumani na Australia, sasa kulikuwa na ukumbi, viti na kelele. Maltsi alikuwa na miaka 25. Ugiriki ilipangwa kundi moja na Australia, Urusi, Brazil, Japan na Nigeria, ikapenya hadi robo fainali, ikakutana na Marekani. Matokeo yalikuwa 102 kwa 72. Hakuna wa kulaumiwa. Marekani ile haikufungwa na mtu yeyote mpaka dhahabu ilipovaliwa shingoni. Ugiriki ilimaliza ya saba.

Miaka mitano baadaye ndiyo ile Riga niliyoanzia. Nafasi ya tano ilikuwa na thamani kubwa kuliko inavyosikika, kwa sababu ndiyo iliyofungua mlango wa ubingwa wa dunia wa 2010 katika Jamhuri ya Cheki. Ukisikia mtu anasema tuzo ya Maltsi ilikuwa ya kufuta machozi, mwambie arudi kuangalia msimamo: kila pointi yake ilikuwa inainunulia nchi yake tiketi.

Kisha ikaja miaka migumu ya uchumi niliyoitaja. Wengi wa rika lake waliweka viatu kando, wakaenda ukocha, ofisini, au wakalea. Juni 2017, EuroBasket ikiwa tena Jamhuri ya Cheki, kikosi cha Ugiriki kilipoingia uwanjani Maltsi alikuwa ndani yake. Alikuwa na miaka 38. Fikiria hesabu hiyo kwa mwili: miaka 13 baada ya Helliniko, bado anakimbizana na mabinti waliokuwa shule ya msingi wakati ule. Ugiriki iliitoa Uturuki robo fainali. Kwa historia ya majirani hao wawili, mechi hiyo haihitaji maelezo. Nusu fainali walifungwa na Ufaransa, na kwenye mechi ya kuwania shaba wakafungwa na Ubelgiji. Nafasi ya nne. Timu ya wanawake ya Ugiriki haikuwahi kufika juu kiasi hicho katika Ulaya.

Wapo watakaosema nafasi ya nne haina medali. Mimi naona vingine. Kati ya ile ya saba ya Athens, ya tano ya Riga na ya nne ya 2017, kuna mstari unaopanda polepole sana, na katika ncha zote za mstari huo na katikati yake kuna jina moja. Klabu zilibadilika, makocha walibadilika, sarafu ya nchi ilikaribia kubadilika. Jina halikubadilika.

Nafasi ya 2017 iliipeleka Ugiriki kwenye Kombe la Dunia la Septemba 2018 kisiwani Tenerife, na hapo hadithi yao inakutana na yetu. Katika mechi ya kuamua nani aende robo fainali, Ugiriki ilikutana na Nigeria, wale wale waliofungwa na Wagiriki kwenye kundi la Olimpiki miaka 14 kabla. Niliifuatilia mechi hiyo nikiwa upande wa D'Tigress, timu ya wanawake ya Nigeria, waziwazi, na sitaomba radhi kwa hilo. Nigeria 57, Ugiriki 56. Pointi moja. Kwa mara ya kwanza timu ya Afrika iliingia robo fainali ya Kombe la Dunia la wanawake. Nilipomaliza kupiga kelele niliwaangalia Wagiriki, na nikawaza kuhusu ile miaka yote iliyowafikisha hapo wakakosa kikapu kimoja. Mtu anaweza kufurahia ushindi wa ndugu zake na bado akamheshimu aliyeshindwa kwa namna ile.

Hiyo pointi moja ndiyo inayonirudisha kwenye swali la kipimo. Timu ndogo hujengwa na watu wanaorudi. Nchi yenye mamia ya wachezaji wa daraja la juu inaweza kumkosa mmoja na isijue. Ugiriki, kama zilivyo nchi zetu, ikimkosa mmoja pengo linaonekana mpaka jukwaani. Ndiyo maana kwa mchezaji kama Maltsi klabu za kigeni hazikuwa usaliti. Huko ndiko alikokutana na walinzi warefu zaidi, mazoezi makali zaidi, makocha wasiomwonea haya. Kila kiangazi alirudi na kitu kipya begini, na timu ya taifa ndiyo iliyokifaidi. Angefungwa na kadi kwenye ukumbi wa mtaa mpaka mwisho, tungemsifu kwa uaminifu, na Riga isingetokea.

Yapo mambo ambayo shirikisho na wabunge wa Ugiriki wanaweza kuyafanya kesho wakitaka: kumpa mwanamke wa ligi kuu mkataba unaotambulika kuwa ni wa kazi, wenye bima ya goti na ya uzazi, na kuweka umri wa chini zaidi ambao kadi ya utotoni inaisha nguvu yenyewe. Klabu zitalalamika kwamba zimewekeza kwa mtoto na zitampoteza. Malalamiko hayo yana ukweli, na dawa yake ni fidia ya malezi yenye kiwango kinachojulikana, inayolipwa na klabu mpya na si na binti mwenyewe.

Juni 2025 fainali ya EuroBasket ya wanawake ilichezwa Piraeus, ndani ya ukumbi uleule wa 1987. Ubelgiji, waliowanyima Wagiriki shaba miaka 8 nyuma, waliifunga Hispania 67 kwa 65 na kubeba ubingwa wao wa pili mfululizo. Safari hii waliokuwa wanachezea dhahabu chini ya paa lile walikuwa wanawake. Msichana wa miaka 8 aliyeketi jukwaani na mama yake usiku ule, akiomba Jumatatu apelekwe kusajiliwa kwenye klabu ya mtaani kwao, ataletewa deltio ya kubandikwa picha, na mama yake ataombwa kutia saini.